UZI: Moyo ukikaa angani mwaka mzima. Unapungua, unabadilika umbo, na saa ya mwili haijui ifuate jua lipi

SistaZamu (#1)

Wakuu, habari za usiku.

Niko zamu, wodi imetulia, nikaona niandike jambo ambalo limenikaa kichwani siku nyingi. Nimefanya uuguzi miaka kumi na moja, mingi kwenye wodi za watu wanaolala muda mrefu: waliovunjika nyonga, waliopata kiharusi, waliotoka ICU.

Juzi tulikuwa tunamkalisha mzee mmoja kwa mara ya kwanza baada ya siku ishirini na mbili kitandani. Akiwa amelala, presha yake 124 kwa 78, mzuri kabisa, anatania wenzake. Nikaweka mkono mgongoni kwake, mwanafunzi akashika mashine ya presha, tukamgeuza taratibu mpaka miguu ikaning'inia. Haikupita dakika. Midomo ikapauka, jasho jembamba likatokeza juu ya mdomo, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, naona giza." Presha 86 kwa 50, mapigo 128. Tukamlaza, tukainua miguu, rangi ikarudi.

Mwanafunzi akaniuliza, "Sista, kumbe moyo wake una ugonjwa?" Nikamwambia hauna. Umekaa siku ishirini na mbili bila kuombwa kupandisha damu kichwani, basi kazi hiyo umeiacha. Kisha nikamwambia kitu ambacho hakukitegemea: mzee huyu na mtu aliyetoka angani wana hali moja.

Ukisimama, damu kama nusu lita inateremkia miguuni na tumboni. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo kuna sehemu zinazohisi presha kila moyo unapopiga. Zikiona imeshuka, ubongo unapata habari, moyo unaongeza mwendo, mishipa ya miguu inajikaza, damu inarudi juu. Yote ndani ya sekunde chache na wewe huna habari. Umefanya hivyo kila siku tangu ulipoanza kusimama dede.

Sasa mpeleke mtu kwenye kituo cha anga cha kimataifa, kama kilomita 400 juu ya vichwa vyetu. Wengi tunafundishwa kwamba kule hakuna mvutano wa dunia. Upo, tena karibu wote. Ila kituo na watu wake wanaanguka pamoja wakiizunguka dunia, kwa hiyo hakuna kinachomkandamiza mwenzake, na damu haina chini ya kwenda. Mtu aliyesimama duniani ana presha ya wastani ya kama 70 kichwani, 100 usawa wa moyo, na 200 kwenye vifundo vya miguu. Kule ni kama 100 kila mahali. Maji ya karibu lita mbili yanahama kutoka miguuni kwenda kifuani na kichwani. Uso unavimba, pua zinaziba kama za mwenye mafua, miguu inakonda kama ya korongo.

Mwili unaliona hilo kama maji yamezidi. Kiu inapungua, na baada ya siku chache ujazo wa damu umeshuka kwa asilimia 10 au zaidi. Angalieni hapo: mwili haujakosea. Umepima mahali ulipo ukajirekebisha ipasavyo. Taabu inakuja siku ya kurudi.

Kuna kipimo kimoja kinachonisisimua hadi leo. Juni 1991 daktari Drew Gaffney alipaa na chombo cha Marekani cha Columbia akiwa na mpira mwembamba uliopitishwa kwenye mshipa hadi karibu na moyo, ili wapime presha ya damu inayoingia. Kila mtu alitarajia ipande, kwa sababu damu yote imehamia kifuani. Ilishuka. Na huku vyumba vya moyo vilionekana vimejaa zaidi kuliko kawaida. Maelezo yaliyokuja kukubalika ni kwamba kifua chenyewe, kikiondolewa uzito wa mwili, kinatanuka, na moyo unapata nafasi ya kujaa bila kusukumwa. Mimi ninayepima wagonjwa kila siku ningebisha hadi asubuhi.

Nitaendelea. Karibuni.

FundiPampu (#2)

Sista umetisha, naweka kambi hapa. Swali la kifundi: mimi nafunga pampu za visima. Pampu ukiipunguzia mzigo inadumu. Kwa nini moyo ukipunguziwa kazi usidumu zaidi?

SistaZamu (#3)

Kaka FundiPampu, swali lako ndilo hasa. Pampu yako ni chuma, haijijengi yenyewe. Moyo ni nyama, na nyama inajengwa kwa kadiri inavyoombwa. Ukiiomba kidogo, inajipunguza. Mwili haulishi mtu asiyefanya kazi.

Scott Kelly wa Marekani alikaa kituoni siku 340, kuanzia Machi 2015 hadi Machi 2016, pamoja na Mrusi Mikhail Kornienko. Siku sita kwa wiki alifanya mazoezi makali: kukimbia huku amefungwa kamba za kumvuta chini, baiskeli, na mashine ya kunyanyua ambayo badala ya vyuma inatumia mitungi yenye ombwe, yaani iliyotolewa hewa. Pamoja na hayo yote, ventrikali yake ya kushoto, kile chumba kinachosukuma damu mwili mzima, ilipungua kwa wastani wa gramu 0.74 kila wiki. Aliporudi ilikuwa imepoteza kati ya asilimia 19 na 27 ya uzito wake.

Sasa sikilizeni hii. Watafiti wa Dallas chini ya Benjamin Levine walimweka Kelly sambamba na muogeleaji Benoît Lecomte, Mfaransa ambaye mwaka 2018 aliingia baharini Japani akitaka kuvuka Pasifiki. Aliogelea kilomita 2,821 kwa siku 159, karibu saa sita kwa siku, halafu usiku analala kwenye mashua. Yaani mtu yuko majini au kitandani, siku zote mwili umelala. Huyu alikuwa akitumia nguvu mchana kutwa, lakini moyo wake nao ulipungua gramu 0.72 kila wiki. Karibu sawasawa na wa Kelly.

Nilisoma hapo mara mbili. Saa sita za kuogelea kila siku hazikutosha kufidia kazi ya kusimama tu. Kusimama kwetu huku, kwenye foleni, jikoni, kituo cha daladala, ni kazi ambayo moyo unaifanya kimyakimya kutwa nzima na hatuihesabu.

Lakini nisiwatishe. Moyo wa Kelly uliendelea kufanya kazi vizuri. Na baadaye wanaanga 13 waliokaa miezi kama mitano walipimwa, ikaonekana si wote wanaopungukiwa. Waliokuwa wanamazoezi wakubwa kabla ya safari moyo ulipungua, kwa sababu mazoezi ya kule yalikuwa madogo kuliko waliyozoea. Waliokuwa wa kawaida nyumbani ulibaki vilevile au ukaongezeka. Kila moyo unalinganisha leo na jana yake mwenyewe.

Umbo nalo linabadilika. Wanaanga 12 walijipiga ultrasaundi wenyewe wakiwa kule, ikaonekana moyo unakuwa wa duara zaidi kwa asilimia 9.4. Wakirudi nyumbani unarudi umbo lake.

Kinyonga255 (#4)

Asante sana dada. Mimi nilikuwa najua mifupa tu ndiyo inayoharibika. Vipi mapigo yenyewe? Mtu anaweza kupata moyo kwenda mrama akiwa huko juu na hospitali hakuna?

SistaZamu (#5)

Imetokea. Mwaka 1971 Apollo 15 ilipokuwa mwezini, David Scott na James Irwin walionekana kwenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo, wakiwa na mapigo yasiyo na mpangilio. Irwin alikuwa na yale ya pigo la kawaida likifuatiwa na pigo la kuwahi, mbili mbili. Walichoka sana, na madaktari wakashuku upungufu wa potasiamu. Safari iliyofuata, Apollo 16, wanaanga walipewa juisi ya machungwa iliyoongezwa potasiamu. Irwin alipata shambulio la moyo mwaka 1973 akiwa na miaka 43 tu. Kama safari ilichangia au mwili wake ulikuwa na lake, siwezi kulisema.

Mwaka 1987 Mrusi Alexander Laveykin aliteremshwa kutoka kituo cha Mir kabla ya muda wake kwa sababu ECG ilionyesha mapigo yenye kasoro. Mwenzake Yuri Romanenko akabaki, na Aleksandr Aleksandrov akachukua nafasi.

Wajapani wa JAXA, shirika lao la anga, walilichukulia jambo hili kwa uzito wao wenyewe. Waliwafunga wanaanga kifaa cha Holter, ambacho hata hapa tunawapa wagonjwa wakatembee nacho siku nzima, kikarekodi kila pigo usiku na mchana, kabla ya safari, wakati wa safari na baada. Walichokitafuta ni jinsi nafasi kati ya pigo na pigo inavyobadilika.

Hilo la nafasi nilieleze, maana hata wanafunzi linawachanganya. Moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani. Ukivuta pumzi unaharakisha kidogo, ukitoa unapunguza. Ukilala unatulia, kukikaribia kupambazuka unaanza kupanda. Kuyumba huko ndiyo dalili kwamba neva zinaushika vizuri, kama mpanda baiskeli anayecheza na usukani ili asianguke. Moyo unaopiga sawasawa mno kama mashine, mimi usiku huwa nasogea karibu na kitanda hicho.

Mbwana wa Maskati (#6)

Assalaam aleikum wote. Mimi niko Oman, kwetu asili Unguja. Nina swali ambalo watoto wangu waliniuliza Ramadhani ya 2023, wakati Sultan al-Neyadi wa Imarati alipokuwa kituoni. Kama jua linachomoza kila baada ya dakika tisini, anafuturu lini? Sikuwa na jibu la maana. Na mwili wake je, unajua usiku ni upi?

SistaZamu (#7)

Waaleikum salaam kaka. Swali la watoto wako lina pande mbili, nami nianze na la dini kwa ufupi. Al-Neyadi alieleza kabla ya kuondoka kwamba yeye ni msafiri, na msafiri hajalazimishwa kufunga. Kabla yake, mwaka 2007, Mmalaysia Sheikh Muszaphar Shukor alipaa ndani ya Ramadhani, na wanazuoni wa kwao wakamwandalia mwongozo: nyakati za sala zifuate mahali aliporushwa, yaani Baikonur kule Kazakhstan. Nimeupenda sana uamuzi ule. Jua la dirishani halikufaa, wakamtafutia jua moja la kushikamana nalo.

Upande wa mwili unafanana na huo kabisa.

Kituo kinazunguka dunia karibu mara 16 kwa siku. Macheo 16, machweo 16. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunaweza kuuona utata huu haraka kuliko wengine: saa moja yetu ya asubuhi inaanza jua likishachomoza, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta jua halitudanganyi mwaka mzima. Ukiichukua saa hiyo kituoni, ni saa moja asubuhi tena kabla hujamaliza kunywa chai na kufagia. Kwa hiyo wao wamekubaliana kufuata saa za Greenwich. Wanaamka kama saa kumi na mbili asubuhi ya kule, ambayo huku kwetu Dar na Nairobi ni saa tatu.

Makubaliano ya karatasi ubongo hauyasomi. Ndani ya ubongo, juu tu ya pale mishipa ya macho inapokutana, kuna kifundo kidogo cha seli ambacho ndicho saa kuu ya mwili. Kikiachwa gizani peke yake, siku yake kwa binadamu inazidi saa 24 kwa dakika kama kumi hivi. Kila asubuhi mwanga, hasa wa bluu kama wa anga ya asubuhi, unaingia machoni na kukirudisha kwenye mstari. Usiku mwanga ukiisha, melatonini, homoni ya usingizi, inatoka, joto la mwili linashuka, presha na mapigo vinateremka. Na seli za moyo zina saa zao ndogo zinazofuata hiyo kubwa. Walioifumbua mitambo ya saa hizi za seli, Hall, Rosbash na Young, walipewa Nobeli mwaka 2017.

Sasa pale kituoni kwa miaka mingi taa zilikuwa hafifu na za aina moja kutwa, na dirishani jua kali linapita kila saa na nusu. Saa kuu inapokea habari zinazopingana. Matokeo yalionekana wazi kwenye utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2014: wanaanga walipangiwa saa 8 na nusu za kulala, wakapata wastani wa kama 6. Robo tatu ya wale wa kituoni walitumia dawa za usingizi. Kuanzia 2016 wakaanza kuweka taa mpya zenye hali tatu: moja ya kazi, moja yenye bluu nyingi ya kuamsha, moja ya wekundu-wekundu ya kabla ya kulala. Yaani wamemtengenezea mtu asubuhi na magharibi yake kwa taa.

Joto nalo limeleta mshangao. Wanaanga 11 walipimwa joto la ndani ya mwili, na baada ya miezi miwili na nusu lilikuwa limepanda karibu nyuzi 1 hata wakiwa wamepumzika. Mtu anaishi na kama kijihoma kila siku. Kule hewa ya moto haipandi kuondoka mwilini kama huku, na jasho linabaki limekugandia kama ngozi ya maji.

DerevaTunduma (#8)

Dada, mimi naendesha lori usiku miaka minane. Hiyo ya taa na usingizi umenieleza mimi mwenyewe. Mchana nalala saa nne tano, naamka moyo unakwenda mbio. Ina maana na mimi ni mwanaanga wa barabarani?

SistaZamu (#9)

Kwa upande wa saa ya mwili, ndiyo kaka, wewe na mimi sote. Unapolala saa nne asubuhi, saa yako kuu inaamini ni mchana, inaamrisha moyo ukae macho. Kinachosaidia ni kilekile wanachofanya kituoni: giza la kweli unapolala, pazia zito au kitambaa machoni, na muda wa kulala usiohamahama. Ila mapigo ya mbio unapoamka usiyaachie mwanga peke yake. Nenda upimwe presha na ECG, ni kipimo cha dakika tano.

Wanaowaza Mirihi wana taabu nyingine. Siku ya kule ni saa 24 na dakika 39. Inaonekana ndogo, lakini ni kama kusafiri nchi ya saa tofauti kila siku moja na nusu, bila kufika. Moscow walijaribu kuwafungia wanaume sita siku 520, Juni 2010 hadi Novemba 2011, kuigiza safari hiyo. Mmoja wao saa yake ilihama kabisa akawa anaishi siku ya saa 25, anaamka wenzake wamelala, wote wakiwa ndani ya vyumba vilevile.

BiMwajuma (#10)

Sista nimekusoma kuanzia mwanzo. Mama yangu amelala mwezi wa pili sasa baada ya kiharusi, tunamuuguza nyumbani. Umeniogopesha kidogo. Je, damu haiwezi kuganda kwa kulala hivyo? Na moyo wake utarudi?

SistaZamu (#11)

Pole sana dada yangu, na hongera kwa kumuuguza.

Damu kuganda ni jambo la kuangalia, huku na huko juu. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba wanaanga 11 walipimwa mshipa mkubwa wa shingo upande wa kushoto, na karibu siku ya 50 ya safari, sita kati yao damu ilikuwa imesimama au inarudi nyuma. Mmoja alikuwa na donge. Dawa za sindano zilizokuwepo kituoni zilikuwa chache, ikabidi zipigiwe hesabu mpaka chombo cha mizigo kilipoleta vidonge. Madaktari walimtibu wakiwa duniani, yeye akijipima kwa ultrasaundi wanamwongoza kwa sauti. Akapona. Kwa mama, angalia mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, ukiwa wa moto au unauma. Au akibanwa pumzi ghafla. Ukiona hivyo usisubiri kesho, mpeleke.

Kuhusu kurudi: mwaka 1966 vijana watano wa Dallas walilazwa kitandani wiki tatu kwa ajili ya utafiti, wakiwa wazima. Uwezo wao uliporomoka vibaya. Wakaanza mazoezi, ukarudi. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ikaonekana zile wiki tatu za kitandani ziliwashusha kuliko miaka 30 ya umri.

Warusi walijifunza hilo kwa uchungu. Juni 1970 Nikolayev na Sevastyanov walikaa siku 18 angani ndani ya chombo cha Soyuz 9 na mazoezi kidogo, wakatoka hawawezi kusimama, wakabebwa. Wakabadilisha kila kitu. Machi 1995 daktari Valeri Polyakov alitua baada ya siku 437 mfululizo kwenye Mir, rekodi ambayo haijavunjwa, akatoka kwenye chombo akatembea hatua chache hadi kwenye kiti. Alitaka watu waone kwamba mwili ukidaiwa kazi kila siku unaweza kufika Mirihi na bado ukasimama.

Kwa hiyo mama, kama daktari wake ameruhusu: leo inua kichwa cha kitanda kwa mito, dakika kumi, angalia uso. Kesho zaidi. Miguu ining'inie mkiwa wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Achezeshe kifundo cha mguu juu chini mara kumi kabla ya kukaa, kule kukaza nyama za mguu kunasukuma damu juu. Maji ya kutosha. Midomo ikipauka, mlaze, usimlazimishe. Na umfungulie dirisha asubuhi mwanga umfikie machoni, usiku taa izimwe. Mgonjwa anayekaa chumba chenye giza mchana na taa usiku anapoteza siku, anaanza kuchanganyikiwa.

FundiPampu (#12)

Sista, na yule mzee wa mwanzo je? Umetuacha naye ananing'iniza miguu.

SistaZamu (#13)

Samahani, wodi ilinibana siku tatu.

Tulimkalisha kila siku, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza dakika moja. Ya pili dakika nne. Jana alikaa akala uji mwenyewe, mwanafunzi akiwa ameshika bakuli. Leo saa mbili asubuhi, fremu ya kutembelea mbele, mimi kulia, mwanafunzi kushoto, akasimama. Nikahesabu kwa sauti hadi mia na ishirini. Alitetemeka magoti lakini midomo ilibaki na rangi yake, na alikuwa anaangalia dirishani.

Presha akiwa amesimama 108 kwa 70, mapigo 96. Nimeiandika kwenye faili.